Chai ya bergamoti, kuanzia ikiwa ya moto hadi ilipopoa

Chai zenye harufu ya kuongezwa hujitangaza kabla hata hujazitia maji. Ukifungua kopo tu, harufu imeshafika, na ikishafika unaanza kunywa kwa akili kabla hujanywa kwa ulimi. Ndiyo maana nikipata chai nyeusi iliyotiwa mafuta ya tunda au manukato ya maua, naiacha pua ingoje. Namwaga kijiko kimoja cha majani juu ya karatasi nyeupe, nayasambaza kwa kidole, kisha nayatazama kwa muda.

Ninayoizungumzia hapa ni chai nyeusi yenye mafuta ya ganda la tunda liitwalo bergamoti, ile iitwayo Earl Grey. Majani ya kopo hili ni marefu kiasi, yamesokotwa vizuri, meusi yenye wekundu kwa mbali, na hapa na pale zipo ncha za rangi ya dhahabu, ambazo ni machipukizi machanga ya mchai. Vumbi ni kidogo. Vipo pia vipande vya maua ya buluu vilivyotawanywa humo. Nilivitoa kimoja kimoja, nikaviloweka peke yake kwenye maji ya moto, nikayaonja maji hayo. Hayakuwa na ladha yoyote ya maana. Maua hayo ni pambo, na sina ugomvi na pambo, mradi mnunuzi asidhani kwamba analipia ladha.

Nalianza jani kwa makusudi. Wanaozisifu chai za namna hii husifu harufu, na wanaozichukia huchukia harufu, na katikati ya mabishano hayo jani linasahauliwa. Mimi nashikilia kwamba chai yenye harufu inahukumiwa kwa jani lake. Mafuta mazuri yanaweza kununuliwa na mtengenezaji yeyote mwenye fedha, lakini jani bovu likimwagiwa mafuta mazuri linabaki kuwa jani bovu lililovalishwa nguo ya sikukuu.

Na hili si jambo jipya. Mwaka 1837 huko Uingereza kampuni moja ya wauza chai ilikabiliwa na mashtaka kwa kuuza chai iliyotiwa harufu ya bergamoti. Wakati huo bergamoti haikuwa fahari ya kuandikwa kwenye kopo. Ilikuwa njia ya kuipandisha hadhi chai ambayo peke yake isingepata mnunuzi wa maana. Jina la Earl Grey lenyewe linamhusu Charles Grey, aliyekuwa waziri mkuu wa Uingereza kuanzia 1830 hadi 1834. Husimuliwa kwamba Mchina mmoja alimpa chai hiyo kama shukrani. Hadithi ni tamu lakini haina ushahidi, na wala Wachina hawakuwa na mazoea ya kutia bergamoti kwenye chai. Nikimkumbuka Grey, napenda zaidi kukumbuka kwamba sheria ya 1833 ya kukomesha utumwa katika sehemu kubwa ya milki ya Uingereza ilipitishwa serikali ikiwa mikononi mwake. Hilo lina uzito kuliko kikombe chochote.

Sasa turudi kwenye karatasi nyeupe. Baada ya kuyatazama majani ndipo nainama nivute harufu, kwa pumzi fupi mbili tatu, kwa sababu pua huchoka upesi ikikabwa na harufu moja. Kavu, chai hii inanukia ganda la tunda la jamii ya ndimu na machungwa, lakini si ndimu yenyewe wala si chungwa. Kuna ukali wa kijani mwanzoni, halafu unafuata ulaini unaokaribia maua. Sikuona ile harufu kavu ya peremende ambayo chai nyingine hutoa, harufu inayopanda juu mara moja na kukaa hapo hapo bila kubadilika.

Bergamoti ni tunda lililotokana na kukutana kwa limau na danzi. Kwa jina la kitaalamu ni Citrus bergamia, na sehemu kubwa kabisa ya bergamoti ya dunia hutoka Calabria, kule kusini mwa Italia, kwenye ukanda wa pwani karibu na Reggio. Maji yake ni makali na machungu, si tunda la kumenya ukala. Thamani yake imo kwenye ganda. Ganda hukamuliwa bila moto, na mafuta yanayotoka ndiyo yanayotiwa kwenye chai, na pia kwenye manukato ya kujipaka tangu zamani sana.

Ndani ya mafuta hayo kuna viambato kadhaa vya harufu. Kuna limonini kwa wingi, ambayo ndiyo inayoleta ule ukali wa ganda la chungwa. Kuna asetati ya linalili. Na kuna linaloli. Hapo kwenye linaloli ndipo mimi hupasimamia, kwa sababu linaloli haikuletwa na bergamoti peke yake. Jani la chai linayo tangu shambani. Limeificha likiwa zima, imefungamana na sukari ndani ya chembe zake, na haina harufu. Jani linaponyaushwa, likasokotwa na kuvunjwavunjwa, vimeng'enya vyake huikata ile sukari na harufu ikaachiwa huru, pamoja na geranioli ambayo inakumbusha waridi. Zote mbili zimo katika harufu ya chai nyeusi ambayo haijatiwa kitu. Kwa hiyo mafuta ya bergamoti yanapomwagwa juu ya majani, yanakuta ndugu yao yumo ndani tayari. Chai na bergamoti zinaelewana kwa kiwango ambacho chai na vanila, kwa mfano, hazikifikii, na nadhani hii ndiyo sababu mchanganyiko huu umedumu huku michanganyiko mingi ya kuvutia macho ikija na kupotea.

Linaloli hiyo pia ndiyo chanzo cha malalamiko ya dada yangu. Yeye ni mnywaji wa chai wa kweli, nzito, yenye maziwa, na nilipomwekea kikombe cha kwanza alinusa tu akakirudisha mezani.

"Mdogo wangu, hii ni sabuni."

"Onja kwanza, dada."

"Nimeshaionja kwa pua."

Hakuwa anatania, na hakukosea. Linaloli na asetati ya linalili ndizo harufu kuu za lavenda pia, na watengenezaji wa sabuni na manukato huzitumia kila siku. Mtu ambaye maisha yake yote amekutana na harufu hizo bafuni hawezi kuambiwa asizikumbuke akiwa mezani. Nilichomwomba ni kungoja. Kikombe kile kile, kikipungua moto, kingemwambia jambo jingine, na asingelipata kwa kunusa peke yake.

Kwa kuonja nilitumia njia mbili. Ya kwanza ni ile ya kipimo cha kimataifa, ISO 3103, kilichotolewa mara ya kwanza mwaka 1980: gramu 2 za majani kwa kila mililita 100 za maji yaliyochemka, dakika 6, chombo cheupe chenye kifuniko. Wengi wakisikia dakika 6 hushtuka, na kweli chai inatoka kali. Lakini kipimo hicho hakikuwekwa ili chai iwe tamu. Kiliwekwa ili chai zilinganishwe kwa haki na kasoro zisipate mahali pa kujificha. Njia ya pili ni yangu mwenyewe: majani yale yale, maji yale yale, dakika 4 kasoro kidogo. Kote kuwili nilifunika chombo, kwa sababu harufu ya bergamoti ni nyepesi na huondoka na mvuke. Ukiacha kikombe wazi, jikoni patanukia na kikombe kitabaki na deni.

Rangi ilitoka ya shaba, safi, inayong'aa pembeni panapogusana na kikombe. Mng'ao huo hutoka kwa viambato vya rangi viitwavyo theaflavini, na wekundu mzito hutoka kwa vingine viitwavyo thearubigini. Zote mbili huzaliwa kutokana na katekini, viambato vya asili vya jani bichi, pale jani lililovunjwa linapoachwa lishike hewa kabla ya kukaushwa. Jambo moja linanifurahisha kila mara. Ukikamulia limau ndani ya chai ya rangi, rangi hufifia papo hapo, kwa kuwa asidi huzipausha zile thearubigini. Bergamoti haifanyi hivyo, kwa sababu kilichotiwa ni mafuta ya ganda, wala si maji ya tunda. Pua inasema kuna tunda la ukali, macho hayaoni dalili yake, na ulimi nao hauoni.

Hili la ulimi kila mtu anaweza kulihakikisha. Ziba pua kwa vidole viwili, piga funda, lizungushe mdomoni. Bergamoti inatoweka yote. Kinachobaki ni uchungu kiasi, na ule ukakasi unaokausha ufizi na kuyafanya meno yashikane na midomo. Kisha achia pua huku chai ingali mdomoni, na tunda zima linarudi kwa mkupuo, likitokea nyuma ya kinywa kupanda puani. Mimi hufanya hivi kwa kila chai yenye harufu ninayokutana nayo, kwa sababu katika zile sekunde za pua iliyozibwa unaonja jani likiwa peke yake, halina wakili. Ukakasi wa chai hii ulikuwa wa kuchangamka: ulikuja haraka, ukashika pembeni mwa ulimi, ukaachia. Ukakasi mbaya hauachii. Unaganda kooni na unakufanya utafute maji.

Wataalamu wa kuonja chai huivuta kwa kishindo kutoka kwenye kijiko, ili itawanyike mdomoni na mvuke wake upande puani kwa nyuma. Si adabu mezani, lakini nawasihi mjaribu mkiwa peke yenu. Kwa mvuto mmoja wa namna hiyo nilipata vitu ambavyo mafunda ya kistaarabu hayakunipa: ukali wa ganda mbichi kwanza, halafu maua, halafu kwa mbali sana kitu kinachofanana na mbao kavu.

Ikiwa ya moto sana, hata hivyo, chai hii ni bergamoti zaidi ya chai. Joto husukuma harufu juu na kuufumba ulimi. Nimegundua kwamba wengi wanaozipenda chai hizi, na wengi wanaozichukia, wote hunywa katika kipindi hiki tu, kisha hukimaliza kikombe. Wanakosa sehemu iliyo bora.

Ilipofika vuguvugu, ile hali ambayo mtu angesema chai imepoa na kuomba ipashwe, mambo yaligeuka. Ukali wa ganda ulikuwa umeondoka na mvuke. Bergamoti ilibaki laini, imeingia ndani ya chai badala ya kukaa juu yake, na jani likajitokeza: utamu wa mbali unaokaribia asali, uzito wa kujaza mdomo, na ule ukakasi sasa ukiwa na kazi ya kusafisha funda moja kabla ya lingine. Hapa singeweza kusema ni wapi linaloli ya jani inaishia na ya bergamoti inaanzia. Dada alichukua kikombe chake wakati huo, akanywa funda moja, akanywa la pili, akasema, "Sasa hii ni chai." Hakuongeza neno, na kwa mtu anayemjua dada, hayo ni mengi.

Nilikiacha kikombe kimoja kipoe kabisa. Kile cha dakika 6 kilipopoa kiliingia ukungu, rangi ikawa kama ya udongo wa maji. Mtu asiogope akiuona ukungu huo. Kafeini hushikamana na theaflavini na thearubigini chai inapopoa, na muungano huo hauyeyuki vizuri katika maji baridi. Chai nyepesi haipati ukungu wa kuonekana. Chai yenye nguvu huupata, na ukitia maji ya moto kidogo unayeyuka tena. Kwa hiyo ukungu ule ulinipa habari njema kuhusu jani. Ladha ilikuwa na uchungu wa wazi zaidi, bila kinachoudhi. Harufu ilibaki hafifu kama ile ya ganda lililokauka.

Kwenye baridi ndipo chai za ovyo huumbuka. Nimewahi kunywa ya vifuko, yenye unga mwembamba ndani, ambayo ikiwa ya moto ilinukia kuliko hii. Ilipopoa, uchungu ulisimama upande mmoja na harufu upande mwingine, havikuzungumza, na harufu ile ilibaki kooni muda mrefu. Kiwandani ni rahisi kuchukua viambato viwili vitatu vilivyotengenezwa maabara na kupata kitu kinachonukia bergamoti kwa mbali. Kinachokosekana ni vile viambato vingi vidogo vya mafuta ya ganda halisi, ambavyo kila kimoja huondoka kwa wakati wake na kuifanya harufu ibadilike kadiri kikombe kinavyopoa. Kwenye kopo, tafuta maneno yanayotaja mafuta ya bergamoti. Pakiwa pameandikwa "ladha" tu bila maelezo, hujaambiwa kitu.

Kuhusu maziwa, wapo wanaoapa kwamba chai hii haifai kutiwa maziwa. Mimi naitia. Kasini, ambayo ni protini ya maziwa, hushika tanini, vile viambato vya chai vinavyoleta ukakasi, na ukakasi hupungua sana, na kwa kuwa bergamoti haikuleta asidi, maziwa hayakatiki. Ila chai iwe nzito, na maziwa yawe machache, la sivyo unabaki na maziwa yenye manukato, na hayo kwa kweli sitaki. Sukari kidogo hulifanya ganda lionekane tunda. Nyingi hulifanya peremende.

Zipo njia nyingine za kuipa chai nyeusi harufu, na nazitaja kwa ufupi kwa sababu zinasaidia kuelewa hii. Lapsang Souchong, ya milima ya Wuyi katika jimbo la Fujian, China, huchukua moshi wa msonobari inapokaushwa, kwa hiyo harufu inaingia wakati jani bado linatengenezwa. Kuna chai zinazolazwa pamoja na maua mabichi, zikafyonza harufu ya maua, kisha maua yakaondolewa. Chai kavu hufyonza harufu kwa urahisi wa kutisha. Bergamoti ndiyo njia ya haraka kuliko hizo zote: mafuta hunyunyizwa juu ya majani yaliyokwisha kukamilika, yakageuzwageuzwa mpaka yashike. Haraka hiyo ndiyo inayompa mtengenezaji kishawishi, na ndiyo maana narudia kusema lichunguzwe jani.

Ufyonzaji huo ndio sababu pia kopo la chai hii lisikae rafu moja na iliki, karafuu au vitunguu. Lifungwe barabara, likae gizani, na linunuliwe dogo. Limonini ikishika hewa na mwanga kwa muda huharibika, na harufu yake huelekea kwenye ya rangi za kupaka ukutani. Chai nyeusi ya kawaida inaweza kuvumilia kusahauliwa kabatini. Hii haivumilii.

Na kiasi kizingatiwe. Mwaka 2002 jarida la tiba la The Lancet lilichapisha habari za mwanamume aliyekuwa akinywa Earl Grey hadi lita 4 kwa siku, akapata mikazo ya misuli. Daktari wake aliihusisha na bergapteni, kiambato cha mafuta ya bergamoti kinachoweza kuzuia njia za potasiamu kwenye chembe za mwili. Aliporudi kwenye chai nyeusi isiyo na bergamoti, hali ilimwondoka. Vikombe viwili vitatu viko mbali sana na lita 4, lakini anayependa kunywa kutwa nzima ni vyema alijue.

Kwa kopo hili, nimeona bergamoti imezidi kidogo. Si kwa kiwango cha kuliharibu jani, lakini jani hili ni zuri kiasi kwamba linastahili nafasi kubwa zaidi. Kwa hiyo nimeanza kulichanganya na chai nyeusi isiyo na kitu, yenye majani ya ukubwa ule ule ili moja isitangulie kukolea. Sehemu mbili za yenye bergamoti kwa moja ya kawaida inanitosha: ganda linasikika tangu funda la kwanza, na ulimi haungoji hadi vuguvugu ndipo ulipate jani. Dada anasema nigeuze, moja kwa mbili. Nitamchanganyia ya kwake kando.